Kabureta mpya ya 32,000 au kuosha ya zamani kwa 8,000? Nimelipia zote mbili, Dodoma

Dodoma kabureta, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa kwenye pikipiki, zinakufa kama kuku wa kideri. Ukiwa na bodaboda unayoletewa hesabu jioni, haupiti muda mrefu hujapigiwa simu: "Shikamoo mama. Kabureta imekufa." Chanzo cha vifo hivi nakijua, na hakimo ndani ya injini. Kwa utaratibu wetu wenye vyombo na vijana, matengenezo madogo ni ya dereva, makubwa ni ya mwenye pikipiki. Kuosha kabureta ni tengenezo dogo, linatoka mfukoni kwake. Kabureta mpya ni tengenezo kubwa, linatoka kwangu. Sasa dereva gani akwambie imechafuka tu?

Mimi ni mama lishe, napika karibu na stendi kuu ya Nzuguni, na nina pikipiki mbili barabarani. Moja ya Kihindi cc 125, nyingine ya Kichina cc 150 yenye kabureta ya aina ya PZ27, ile iliyojaa kwenye maduka yote ya spea nchini. Hii ya Kichina ndiyo iliyotangaziwa msiba. Nikanunua mpya, lakini ile maiti sikuitupa. Baadaye nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma ambaye kazi yake kubwa ni kabureta. Kwa hiyo hapa napima vitu viwili, bidhaa ya dukani na huduma ya fundi. Majina sitaji. Fundi mwenyewe kanikataza, anasema foleni aliyonayo inamtosha.

Tuanze na ya dukani. Nilitoa shilingi 32,000 kwenye duka la spea si mbali na soko la Majengo. Ikaja kwenye boksi jeupe lenye jina la Kijapani, ila hata mimi nisiyejua Kijapani niliona kuwa Mjapani hakuhusika, maana herufi moja ya jina imerukwa. Kwa bei ile sikununa, sikuwa nimefuata OG, yaani orijino. Kwa nje imetengenezwa vizuri: alumini inang'aa, mkono wa choki umekaza, skrubu zinaingia bila kulazimishwa. Ilifungwa, ikawaka kwa kiki ya kwanza, kijana akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana. Ina nguvu, mama. Kweli, nguvu ilikuwepo.

Halafu hesabu ikaanza kupungua. Kisingizio kikawa kimoja, mafuta yamepanda bei. Bahati mbaya yake, EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na mimi huzisoma, kwa sababu hata magari yanayoniletea mkaa na mchele hupandisha nauli kwa kuzifuata. Bei haikuwa imepanda. Pikipiki ndiyo ilikuwa inakunywa. Nikamwambia tujaze tenki mpaka shingoni, afanye kazi kutwa, tujaze tena, tugawe kilomita kwa lita. (Mita ya pikipiki ya Kichina kufanya kazi ni majaliwa, lakini yangu bado inahesabu.) Zamani lita moja ilikuwa inampeleka kilomita 38. Sasa ilikuwa 31. Plagi ilipotolewa ilikuwa imevaa masizi meusi makavu kama sufuria ya kuni.

Hapo ndipo nilipofunga genge mapema na kwenda Chang'ombe na kabureta zote mbili, mpya ikiwa kwenye pikipiki na ya zamani kwenye mfuko wa rambo.

Fundi ni mzee wa Kigogo, mpole, anayekusalimia "Mbukwenyi" kwanza, shida yako baadaye. Hana karakana. Ana mti, benchi, beseni, na kopo la blue band lililojaa jeti za kila namba, yaani vile vijiskrubu vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli. Alifungua kabureta zote mbili, akazilaza upande kwa upande kwenye gunia, akaanza kuzisoma. Maana jeti ina namba, jamani, na mimi miaka yote sikuwahi kuambiwa. Kwenye jeti za aina hii namba inakupa upana wa tundu: 100 ni karibu milimita moja kamili. Jeti kubwa ya zamani ilikuwa 95. Ya mpya 105. Ukisikia hivyo unaona ni tofauti ndogo, lakini tundu ni duara, na ukipiga hesabu ya eneo lake, hiyo 105 ni pana kuliko 95 kwa asilimia 22 hivi. Kumbe nguvu aliyoshangilia kijana ilikuwa petroli yangu ikipita bila kuhesabiwa.

Nikamuuliza kwa nini sasa isiungue tu yote. Akanyamaza kidogo, akaomba glasi ya maji kwa mama wa chai wa jirani na mirija miwili ya soda. Mrija mmoja akausimamisha ndani ya maji, ncha yake ikachungulia juu ya ukingo. Wa pili akaulaza mdomoni, akaelekeza juu ya ncha ya ule wa kwanza, akapuliza kwa nguvu. Maji yakapanda kwenye mrija uliosimama, yakafika juu, yakatawanyika manyunyu yakanilowesha kanga.

"Umeona nimeyavuta?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nimepuliza, mama. Hayakuvutwa, yamesukumwa."

Na ndivyo ilivyo. Hewa ikipita kwa kasi mahali pembamba, mgandamizo wake unashuka. Hewa iliyotulia juu ya maji ya glasi haijashuka, kwa hiyo inayakandamiza maji na kuyapandisha mrijani. Kabureta ndani ina koo, sehemu iliyobanwa katikati. Pistoni ya injini ikishuka inavuta hewa kupitia hapo, hewa ikifika kwenye koo inaongeza kasi, mgandamizo unapungua. Chini yake kuna bakuli dogo la petroli lenye tundu la kupumulia nje. Hewa ya nje inaingia kwa tundu hilo, inalala juu ya petroli, inaisukuma ipande kupitia jeti na kutokea kwenye koo ikiwa manyunyu. Hakuna pampu wala umeme. Huyo Mjerumani Wilhelm Maybach aliyetengeneza kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893 angeketi kwenye gunia lile la Chang'ombe, angeitambua kazi yake.

Ila kipimo ndicho chenye ubishi. Petroli ili iungue ikaisha inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Uzito, si ujazo. Ukigeuza kuwa ujazo, lita moja ya petroli kwa hewa ya hapa kwetu inataka takriban lita elfu kumi za hewa. Ni hewa ya chumba kidogo kizima, imepita kwenye koo la unene wa kidole gumba hivi. Mafuta yakizidi, kinachokosa hewa kinatoka moshi mweusi na masizi. Yakipungua, plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, na ukiachia resi ekzosi inapiga risasi watu wa Area C wanageuka. Rangi nzuri ya plagi ni kahawia. Ukitaka nguvu za kupanda mlima unazidisha mafuta kidogo, uwiano wa 13 kwa 1 au chini yake kidogo. Kwa hiyo kijana hakudanganya alipodai ina nguvu. Alisahau tu kuniambia inalipiwa na nani.

Sasa huduma. Kilichonifurahisha kwa mzee huyu ni swali lake la kwanza kwa kila anayefika: "Inasumbua ukiwa wapi?" Hana maana ya mtaa wa Kisasa au Kizota. Anataka kujua mkono wako wa resi uko wapi. Kabureta ya slaidi, kile kizibo kinachopanda na kushuka kwenye koo ukivuta resi, ina njia zaidi ya moja za kupitisha mafuta. Ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani injini inaunguruma yenyewe, inakula kupitia jeti ndogo na skrubu ya hewa. Ukivuta resi nusu, slaidi inapanda na sindano yake inachomoka taratibu kutoka kwenye tundu, nafasi inapanuka. Ukifungua yote, jeti kubwa ndiyo inayoamua. Kwa hiyo pikipiki inayozima kwenye foleni lakini ikishika barabara ya Singida inakwenda vizuri, huyo mgonjwa ni jeti ndogo, usimguse jeti kubwa. Mafundi wengi niliowaona hawaulizi. Wanaanza na bisibisi.

Kabureta yangu ya zamani ilikuwa hivyohivyo, inazima ikisimama. Akaichomoa jeti ndogo, namba 38, tundu lisilofika hata nusu milimita, akaielekeza juu angani, jicho moja limefumba. Akanipa na mimi nitazame. Sikuona kitu. Akaidumbukiza kwenye petroli, akapuliza kwa dawa ya kusafishia kabureta, akapitisha unyoya mmoja wa waya wa shaba aliouchambua kutoka kwenye kipande cha waya wa umeme, akanipa tena. Safari hii nikaona kinukta cha mwanga, duara kamili. Maiti ilifufuka hapo. Aliniambia wanaochokonoa kwa unyuzi wa waya wa breki, ambao ni chuma, wanapanua tundu la shaba na kuibadilisha namba bila kujua. Jeti imeandikwa 38 lakini inapitisha ya 42. Pikipiki za namna hiyo anasema zinaletwa kwake kila wiki, zimechokonolewa mpaka basi.

Akaosha vilivyobaki, akaangalia urefu wa boya (linaelea kwenye petroli ya bakuli, bakuli likijaa linasukuma sindano kuziba mafuta) kwa kulinganisha na mdomo wa bakuli, akageuza kabureta juu chini na kupuliza mrija wa mafuta kwa mdomo. Ikiwa sindano ya boya inaziba, pumzi haipiti. Ya zamani haikupita. Ya mpya ilipita! Kabureta mpya kabisa, ncha ya sindano yake haikai sawa. Ndiyo maana asubuhi palikuwa na harufu ya petroli uani na mimi nikamshuku jirani anayeweka jenereta. Hili si la kuchekea, kwa sababu petroli ikifurika inaweza kuteremka mpaka kwenye injini na kuchanganyika na oili. Ukiona oili imeongezeka bila wewe kuongeza, na inanuka petroli, usiwashe. Na kabureta iwe nzima iwe mbovu, usiku funga koki ya mafuta.

Gasketi ya bakuli ya ile mpya nayo ilivimba ilipolowa, ikagoma kurudi kwenye mfereji wake. Tukaweka ya zamani. Akaipa jeti 95 kutoka kwenye kopo lake, 2,500, na sindano nyingine ya boya. Baada ya hapo ile mpya ikarudi kilomita 36 kwa lita. Ya zamani iliyooshwa ikatoa 38 zake kama kawaida. Hiyo ndiyo tathmini ya bidhaa kwa ufupi: kwa hali inayotoka dukani naipa nyota mbili. Ukiibadilisha jeti, sindano ya boya na gasketi, nyota tatu na nusu, lakini hapo si ya 32,000 tena. Koo lake na slaidi ni nzuri, hazina kasoro niliyoiona. Kama ya kwako ya zamani slaidi imelika mpaka inacheza na kugongagonga, kuosha hakutakusaidia, nunua tu. Kama haijalika, hujafiwa.

Vumbi lazima niliseme, maana sisi wa huku tunalo la kugawa. Zile lita elfu kumi za hewa kwa kila lita ya petroli zote zinapita kwenye eya klina, chujio la hewa. Nenda Mvumi au Hombolo mwezi wa tisa nyuma ya lori, urudi uikung'ute uone. Ikiziba, hewa inapungua na mafuta yanazidi, dalili zilezile za jeti yenye tundu kubwa mno, plagi nyeusi ileile. Fundi aliniambia nusu ya wanaomwendea kulalamika ulaji wa mafuta anawaosha eya klina tu. Na wapo vijana wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue." Inapumua kweli, inapumua mchanga mpaka kwenye ringi za pistoni, na hilo ndilo tengenezo kubwa la haki.

Kuna wanaosema pikipiki zinazotoka Dar zinasumbua hapa kwa ajili ya mwinuko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, na kabureta haina akili ya kulijua hilo, inaendelea kumimina kama iko Kariakoo. Mzee huwashushia jeti kwa namba moja. Naamini, lakini naona watu wanalisingizia mno. Mwinuko unakula mafuta kidogo, eya klina chafu inakula zaidi.

Kisa kimoja zaidi, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya nimwamini. Ile pikipiki yangu ya Kihindi ilikuwa inazima yenyewe ikielekea Mtumba, karibu kila mara ikishapita Ihumwa. Inasimama, dereva anasubiri, inawaka tena, inakwenda, inazima. Fundi wa kwanza, wa huku kwetu, alishasema kabureta mpya. Mzee wa Chang'ombe hakushika hata spana. Alimwambia kijana azunguke nayo mpaka izime, ilipozima akafungua kifuniko cha tenki. Kikatoa "fyuuu." Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa, na kilikuwa kimejaa tope lililokauka. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, tenki linayashikilia mafuta na bakuli linakauka. Alikipuliza, akakataa pesa. Ni lile somo la mirija, limehamia kwenye tenki.

Mabaya yake pia niyaseme, isije ikaonekana nimelipwa. Hatoi risiti wala dhamana ya maandishi, ni maneno yake na uso wake. Foleni haina mpangilio, mwenye sauti kubwa anahudumiwa mbele. Hana kompresa, anatumia pampu ya mkono ya tairi, inachukua muda. Na kubwa kuliko yote, beseni la petroli lipo hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa la yule mama wa chai. Nilimwambia, akacheka. Mimi nimeishi na moto maisha yangu yote na sikucheka. Kwa hilo namkata nyota nzima, anabaki na nne.

Kwa upande wangu nimebadilisha utaratibu. Kuosha kabureta sasa nalipa mimi, 8,000, wakati wowote kijana akiona dalili. Amepata unyofu wa ajabu tangu hapo. Juzi alikuja mwenyewe kuniambia kuwa alinunua petroli ya chupa njiani na anahisi ina maji. Tulifungua skrubu ya chini ya bakuli, tukamwagia kwenye chupa nyeupe, na kweli, matone ya maji yalikuwa yamelala chini, petroli juu yake. Tukamwaga, ikawaka, gharama sifuri.

Ukitaka kwenda kwa mzee, nenda asubuhi kabla ya saa tatu, na Ijumaa mchana usimtafute. Beba gasketi ya bakuli yako mwenyewe, maana hana akiba, na mwambie dereva aje mwenyewe, asikupe wewe maelezo ya kwenda kurudia. Mzee atamuuliza mkono wa resi ulikuwa wapi, na wewe hutajua.